Utando mwekundu kwenye tangi langu: dagaa ndio walioniponza

Mtu anayefuga samaki wa maji chumvi Mwanza, ziwa la maji baridi likiwa mlangoni, anastahili kuchekwa, na nimechekwa vya kutosha. Shemeji kila akija Nyegezi huniuliza kama sato wameisha ziwani. Tangi langu ni la lita 120, lina samaki klauni wawili wa ukubwa wa dole gumba na konokono kadhaa, wote walikuja kwa basi kutoka Dar wakiwa kwenye mifuko ya oksijeni.

Utando ulipoanza nilidhani ni mwani. Lakini mwani hung'ang'ania jiwe, ukiukwangua unatoka jasho. Huu ulikuwa na rangi ya zambarau iliyopondwa, laini, umejaa vipovu, na ukiushika unabanduka kipande kizima kama utando wa maziwa. Hao ni bakteria, ila hujitengenezea chakula kwa mwanga kama mmea. Ndugu zao ndio ule ukijani unaotanda kwenye Ghuba ya Mwanza upepo ukitulia. Asubuhi nakuta tangi linaelekea kupona, saa tisa alasiri zulia limetandikwa upya.

Fundi mmoja wa matangi, simtaji, akaniambia kwenye simu: "Kaka, hao si bakteria? Tia antibayotiki, imeisha hiyo." Nikaona ana akili. Nikasaga vidonge vya erithromaisini, nikamwaga. Siku ya tatu utando ukayeyuka, nikapiga picha nikamrushia shemeji kwa majivuno. Usiku ule ule klauni wako juu ya maji, wanahema kama waliopiga kasia mpaka Ukerewe. Utando uliokufa ulikuwa unaoza na kumaliza oksijeni. Kipimo cha amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, ambacho miezi yote kilibaki njano, yaani salama, kikawa kijani. Nadhani dawa iliwapitia hata wale bakteria wema wanaonisafishia uchafu wa samaki. Bahati nilikuwa na pipa la maji ya chumvi yaliyokwisha kukorogwa, nikabadilisha ndoo baada ya ndoo hadi adhana ya alfajiri. Wiki mbili baadaye zulia likarudi. Fundi nilipompigia akasema niongeze dozi! Nikakata simu.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. "Ng'wanawane (mwanangu), kwako mko wangapi? Kila wiki dagaa!" Nikamwambia ni wa samaki wangu wawili. Alicheka mpaka akawaita wenzake waje wanione. Ni kweli nilikuwa natwanga dagaa na kuwalisha asubuhi na jioni, maana chakula cha kopo kutoka Dar ni elfu thelathini na ushee, nikajiona mjanja. Unga ule haukuwa unaliwa wote. Ulizama, ukaoza, ukatoa fosfeti na naitreti, yaani mbolea. Nilikuwa nalima shamba ndani ya kioo. Sasa ni chakula cha kopo, chembe chache mara moja kwa siku.

Ila ninachojivunia ni uzi. Nilisoma kwamba utando huu hupenda sehemu ambayo maji yamelala, na pampu yangu nilijua ina nguvu. Nikachukua kijiti cha mishikaki, nikafunga ncha yake uzi mwekundu wa cherehani ya mke wangu, nikawa naupitisha kila kona. Mbele uzi unapepea kama bendera ya mtumbwi. Nikaupeleka nyuma ya mawe, ukaning'inia tuli kabisa, pale pale zulia linapoanzia. Kosa ni langu: nilikuwa nimepanga mawe ya kwetu kuiga jiwe la Bismarck lililo ziwani hapa Mwanza, moja limekaa juu ya jingine, mtoto anasifia, kumbe nimejenga ukuta. Nikaibomoa Bismarck (mtoto alinuna siku mbili), pampu nikaielekeza ipige kioo cha mbele ili maji yazunguke. Uzi ukapepea kote.

Halafu nikafyonza zulia lote kwa mpira, nikafunika tangi kwa blanketi na nailoni nyeusi siku tatu, taa imezimwa, mashine ya hewa inaendelea. Taa ilikuwa inawaka saa kumi na mbili kwa siku, sasa ni saba. Maji ya kukorogea chumvi sichoti tena bombani; nanunua yaliyochujwa, madumu ya lita 20, naweka gramu 35 za chumvi ya bahari kwa lita. Ya jikoni usijaribu. Yakipungua kwa mvuke naongeza maji matupu, kwa sababu chumvi haipai na mvuke.

Huu ni mwezi wa tano sijaona zulia. Umeme ukikatika uzi hulegea, ndiyo maana nina pampu ndogo ya betri. Dagaa waliobaki, karibu nusu debe, shemeji aliwachukua akawaunga na nyanya, akanipigia kulalamika kwamba wana mchanga.