Mlalo kwa wikiendi moja: ratiba, baridi na ukweni

Dar mwezi wa pili haikaliki jamani. Feni inazungusha joto lile lile usiku kucha, umeme nao ukiamua kukata ndo basi tena, kwa hiyo wazo la kwenda milimani wikiendi halikuhitaji kubembelezana. Ubishi ulikuwa mlima upi.

Shemeji yangu aling'ang'ania Morogoro, na sababu yake ni treni tu. Tangu SGR, ile reli ya kisasa, ianze kubeba abiria mwaka 2024 huyu bwana hataki kusikia habari ya barabara, anakwambia unapanda Dar, hata saa mbili hazijaisha uko Moro umeshashuka. Sio uongo, ni raha, na Uluguru ni milima ya haja. Ila Moro mjini nako joto, baridi yenyewe mpaka upande juu Morningside huko. Mshkaji wetu mwingine akasema Lushoto, twende Irente tukapige picha pale kwenye mwamba, kila mtu anazo hizo picha isipokuwa yeye.

Hapo ndo mke wangu akaingilia, na alichosema kiliniingia mpaka leo nakitumia kama changu. Akasema pale Irente mnasimama ukingoni mnaangalia Mazinde na nyika ya Wamasai huko chini, yaani mmepanda mlima wote ule halafu mnaupa mgongo mnatazama mlikotoka. Kama mnataka milima, ingieni ndani. Twendeni Mlalo.

Mlalo ni kwao, mji mdogo bondeni ndani ya milima ya Usambara, mbele ya Lushoto. Na hapo ndo nikaona mgogoro unakuja.

Maana mama yake mdogo anaishi kule, na kwa mila zetu huyo ni mama mkwe wangu kabisa, hamna cha mdogo wala mkubwa. Sasa mwanaume mzima kwenda kulala ukweni, kuamka na bukta unatafuta choo kiko wapi, mama mkwe yuko uani anakoka moto… hapana aisee. Nikamwambia mke wangu mimi nitatafuta gesti, nitakuja kusalimia na kula. Akacheka akampigia simu mama, simu ikawekwa loudspika bila mimi kuulizwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu. Nasikia unakuja Mlalo unalala gesti. Nyumba yangu imeungua?"

Nikababaika pale, nikasema tuko wengi mama, tusikusumbue. Akasema wengi wangapi, nyinyi ni watano, hapa msiba wamelala watu thelathini. Mwisho tukapatana hivi: mke wangu na wifi yake wanalala nyumbani, sisi wanaume gesti, lakini kula yote ni kwake na kurudi gesti ni baada ya chakula cha usiku. Nikaona hayo ni masharti nafuu.

Ratiba sasa. Wikiendi ya Mlalo inapatikana au inapotea Ijumaa. Mabasi ya Lushoto yapo, yanatoka stendi ya Magufuli pale Mbezi asubuhi, lakini ukipanda Jumamosi unafika Lushoto mchana, utafute tena gari la Mlalo lijaze, ukija kushuka jua linaagwa na kesho yake unageuza. Basi ni la mtu mwenye siku nyingi. Tukachanga mafuta, gari la shemeji (baada ya kukubali kwa shingo upande kwamba reli haifiki), tukaomba ruhusa kazini Ijumaa mchana tukatoka.

Njia tuliyochukua ni ya Bagamoyo kwenda kutokea Msata. Ukipita Kibaha na Chalinze Ijumaa jioni unajitakia, malori yote ya nchi yako pale. Bagamoyo–Msata imetulia, tatizo lake ni vibao vya 50. Pale usijidanganye, ukiona kijiji punguza hata kama huoni mtu, tochi ya trafiki ya kupima mwendo iko kwenye kivuli cha mwembe na faini ni 30,000 bila mjadala. Shemeji aliendesha kama anapeleka mayai sokoni, hatukupigwa hata tochi moja. Msata, Mkata, mpaka Segera ambapo wa Tanga wanakata kulia na sisi tunanyoosha Korogwe, giza likatukuta kwenye mkonge.

Kulikuwa na kelele ndani ya gari kwamba tuunganishe moja kwa moja tupande Lushoto usiku. Nilikataa na ningekataa tena. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 33 tu kwenye kibao, lakini ni kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mwamba upande mwingine korongo, na Fuso za mboga zinashuka usiku usiku kuwahi masoko ya Dar. Tukalala Mombo. Mombo ina joto na ina mbu, sitakudanganya, lakini nyama ya mbuzi ipo mpaka usiku na saa kumi na mbili asubuhi unauanza mlima ukiwa na macho yako yote.

Na asubuhi ile ndo utaelewa kwa nini. Dakika chache tu baada ya kuacha lami kuu unaanza kufunga vioo, huku nyuma watu wanavaa masweta waliyokuwa wanayacheka Dar. Ukifika Soni maporomoko unayaona kutoka barabarani, na pale kina mama wameshapanga meza. Mwezi wa pili ndo wakati wa plamsi na mapeasi, wanauza kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia. Yule mama tuliyenunua kwake alijaza ile sado mpaka ikafanya kichuguu, akaweka mkono mmoja juu yasimwagike, wa pili akaongeza matano ya nyongeza, halafu akamwaga yote kwenye mfuko wetu kwa mpigo mmoja bila hata moja kuanguka. Plamsi zenyewe zilikuwa na ule unga mweupe juu, ukiifuta na kidole inabaki nyekundu inang'aa. Tulikula mpaka tumbo likaanza kuuliza maswali.

Jambo lingine la mwezi wa pili ni kwamba uko kabla ya masika. Kuanzia Machi mpaka Mei mvua zikikolea udongo na mawe vinashuka barabarani, unaweza kukaa nusu siku unasubiri greda. Juni mpaka Agosti barabara ni kavu ila baridi yake sio ya mchezo na matunda hamna.

Lushoto mjini tulikunywa chai na chapati tukapita. Ni mji mzuri, uko kwenye bonde lake, Wajerumani waliupenda mpaka wakauita Wilhelmstal, lakini hatukuja kwa ajili yake. Juu yake ni msitu wa Magamba, barabara inapita ndani kwa ndani, ukungu umelala kwenye miti mikubwa. Mbega walikuwa juu kabisa, ile mikia meupe inaning'inia kama pazia. Shemeji akasimamisha gari mwenyewe bila kuombwa. Sikusema kitu ila nilimwangalia.

Baada ya Magamba ni mashamba mpaka unachoka kuangalia. Kabichi, karoti, viazi, maharage, kila kipande cha mteremko kimelimwa, kingine kimesimama wima mpaka unajiuliza mkulima anajishikiza na nini. Halafu unaanza kushuka, na Mlalo inajitokeza chini yako yote kwa pamoja, mabati na mapaa kwenye sakafu ya bonde na mto Umba unakatiza. Mto huo huo unaishia Bahari ya Hindi karibu na mpaka wa Kenya, huku juu watoto wanaufulia nguo.

Kitu cha Mlalo ni nyumba zake. Zipo nyumba za udongo na mbao za ghorofa, zina roshani ya mbao juu, nguzo zimechongwa, mzee amekaa na kikombe chake anaangalia nani amekuja na gari gani. Ukipita chini unasalimia juu. Nilitoa shikamoo nyingi mpaka shingo ikauma.

Mama mkwe alitupokea na makande ya moto na parachichi, na hakutaja gesti hata mara moja, ambayo kwangu ilikuwa mbaya kuliko angeitaja. Mchana akatupa kijana wa kutupandisha kilimani, na huko juu tukamkuta mzee analima matuta yake, akatuambia kaeni. Akatueleza kwamba hayo matuta mnayoyasifia yana historia yake. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mpango wao hapa Mlalo wa kuzuia mmomonyoko, watu wakalazimishwa kuchimba matuta kwenye mashamba yao wenyewe kwa sheria, na Wasambaa wakayachukia mpaka yakawa siasa. Baba yake alikuwa anasema bora njaa kuliko jembe la kulazimishwa. Leo yeye anayachimba kwa hiari kwa sababu bila hayo udongo wote unaishia mtoni. Mshkaji wetu wa picha alikuwa ameweka simu mfukoni muda huo wote, na hakuna aliyemwambia.

Jioni adhana inalia upande huu, na Jumapili asubuhi kengele upande ule. Walutheri wako hapa tangu wamishenari wa Kijerumani waje mwaka 1891, na ukiuliza utakuta familia moja ina Athumani na Petro na wanakula sikukuu zote mbili. Usiku beba koti, nasema beba. Dar utaona unachekesha. Gesti yetu ilikuwa na mablanketi mawili kila kitanda nikavaa na soksi, maji ya kuoga tulichemshiwa kwa kuni kwenye sufuria.

Jumapili tuliondoka baada ya chai, na mama akatupakilia viazi gunia zima, nilipojaribu kumpa hela ya soda akampa mke wangu aishike. Lushoto Jumapili ni siku ya soko kwa hiyo watu ni wengi na vitu ni bei ya shambani. Irente tulipita vile vile, sio mwambani, ni pale kwenye shamba la kanisa wanakouza jibini, mkate na jamu wanazotengeneza wenyewe, na mshkaji akaachiwa nusu saa akimbie akapige picha yake arudi. Saa saba mchana tukaanza kushuka.

Mtae, kijiji kilicho ukingoni mwa milima hii hii, hatukwenda na nilikuwa nimekataa tangu kwenye kupanga. Kule wanasema hewa ikiwa safi unauona Kilimanjaro, nami nautaka, lakini kuiweka Mtae ndani ya Ijumaa hadi Jumapili ni kulipia mafuta ukaangalie dashibodi. Tumeiweka mwezi wa tisa, na atakayeshindwa kupata ruhusa ya Jumatatu aende Moro na treni.