Siku moja gereji: plagi iliyoingia pasipo pake

Saa 12:40 asubuhi nafungua gereji, Magomeni hapa Mtwara mjini. Msimu wa korosho huu, pikipiki zinabeba magunia kutwa. Sijamaliza chai na muhogo, tayari mbili zinanisubiri.

Saa 1:30. Mzee mmoja katoka Nanyamba na pikipiki ya Kichina inayotumia plagi ya namba D8EA. "Fundi, nibadilishie plagi." Naitoa: nyeusi, kavu, masizi matupu. Nafungua eaklina, kichujio cha hewa, imeziba vumbi. Namwambia, "Mzee wangu, plagi yako nzima, pikipiki ndiyo haipumui." Nasafisha vyote viwili, gepu, ile nafasi inaporuka cheche, naliweka milimita 0.7, inawaka. Plagi mpya sikumuuzia.

Saa 4:00. Hii ndiyo iliyonila siku. Kijana wa bodaboda kutoka Mikindani, pikipiki inamisi, yaani inakosa moto, akipakia abiria wawili. Wiki iliyopita aliwekewa plagi mpya mahali fulani, akaambiwa "zote sawa tu, si imeingia?" Naisubiri injini ipoe kwanza, maana hedi, kichwa cha injini plagi inapofungwa, ni ya aluminiamu, ukifungua ikiwa ya moto unang'oa nyuzi. Naitoa: C7HSA. Kitabu cha pikipiki yake kinataka CPR8EA-9.

Namwekea zote mbili kiganjani. Unene mmoja, milimita 10, hata spana ni moja, ya 16. Lakini kwenye namba hizo herufi H ni uzi wa urefu wa milimita 12.7, E ni 19. Kwa hiyo ile fupi ilikuwa imejificha ndani ya tundu, cheche inapigwa shimoni badala ya kati ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Na pale chini nyuzi zilipobaki tupu pamejaa kaboni ngumu kama lami. Nilipojaribu plagi sahihi kwa vidole, ikaingia nusu, ikagoma. Ningelazimisha kwa spana, hedi ingekwisha.

Nikapaka grisi kwenye tepu, chuma cha kusafishia nyuzi, nikaipitisha polepole, robo mzunguko mbele, kidogo nyuma, uchafu ushikwe na grisi usidondokee kwenye silinda. Dakika 40. Plagi ikashuka kwa vidole hadi washa, ile pete yake, ikagusa, nikaongeza nusu mzunguko kwa spana, basi. Hiyo -9 mwishoni ni gepu la milimita 0.9. Ingekuwa ndefu kwenye hedi ya fupi ningeogopa zaidi: pistoni ingeweza kuigonga.

Saa 8:00 mchana, duka la spea. Kijana wangu wa kazi anataka tubebe plagi zenye 9 katikati ya herufi badala ya 8, eti namba kubwa ina nguvu. Hapana, mdogo wangu. Kwa plagi za kampuni ya NGK, kama hizi, namba hiyo ya katikati ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, inapoteza joto haraka. Kwa Bosch ni kinyume. Bodaboda ya mwendo wa mjini ukiipa ya baridi mno, haifiki joto la kujisafisha, masizi yanaizima.

Saa 10:15 pikipiki nyingine ina oili mbichi kwenye plagi. Ringi za pistoni hizo, zimechoka. Kesho.

Saa 11:40 kijana wa Mikindani karudi, kashakwenda na kurudi mara tatu. Injini inapoa, tunaifungua pamoja. Ncha imeanza kuwa kahawia, rangi ya chai ya maziwa. Anaipiga picha kwa simu, na namba yake ubavuni.