Kibuki cha Mama Mdogo

Wiki iliyopita kazini tulikuwa na semina juu ya historia ya tiba ya muziki na dansi. Ukutani ikatokea orodha ya miaka: 1942, Marian Chace anaanza kucheza na wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths, Washington, 1944, chuo cha Michigan State kinaanzisha shahada ya tiba ya muziki, 1950, chama cha tiba ya muziki Marekani, 1966, chama cha tiba ya dansi, Chace rais wake wa kwanza. Kabla ya hapo, Daudi na kinubi chake mbele ya Sauli, na Wagiriki wawili watatu. Mwenzangu wa Pemba akanikanyaga mguu chini ya meza.

Mimi kwa mawazo nilishafika Miembeni, mtaani kwetu Unguja.

Mama mdogo alikuwa kanyamaza tangu azikwe mwanawe. Ukimuuliza chai, anaitikia kwa kichwa. Mkono wa kulia kaukunja kifuani, haukunjuki. Hospitali wakampa vidonge, akalala, akaamka vile vile. Bibi akaamua achezewe kibuki, ngoma ya kuita masheitani. Baba akasema hiyo shirki, akatoka zake barazani hadi alfajiri. Pesa ya brandi, hata hivyo, ilitoka mfukoni mwake. Hilo sikuambiwa, niliona.

Maana masheitani wa kibuki ni wafalme wa Bukini, yaani Madagaska, hawaji kwa maji ya kunywa.

Chumba kilijaa wanawake, ubani na joto. Fundi, mganga anayeongoza ngoma, hakumtazama mama mdogo usoni, alitazama mabega. Akaanzisha wimbo, kayamba zikapokea. Kimya. Akainua kidole, wimbo ukakatwa katikati. Mwingine. Kimya. Ukaja wa taratibu zaidi, maneno yake nusu siyajui, na hapo kanga kwenye bega la kulia ikapanda, ikashuka. Basi, hicho tu. Mtu angedhani kakohoa. Fundi akawaashiria wa kayamba wasiongeze mwendo, wabaki hapo hapo. Akasogea, wakakaa goti kwa goti, akaanza kupandisha bega lake mwenyewe, kidogo vile vile. Bega la mama mdogo likajibu. Likazidi, na la fundi likazidi. Ndipo mpiga kodiani akaruhusiwa kuchanganya. Kiwiko kikaachana na kifua, vidole vikafunguka kimoja kimoja, na mama mdogo akatoa sauti nzito ya kiume, akidai brandi na kugomba kwa nini kachelewa kuitwa.

Yaliyofuata marefu: jina la mgeni, masharti yake, chano, siku ya kurudi. Asubuhi mama mdogo alikunywa uji, akamwambia Bibi hauna chumvi.

Miaka baadaye nikasoma kwamba Chace naye alikuwa akiwaweka wagonjwa duara, akiuchukua mwendo wa mgonjwa na kumrudishia kwa mwili wake, hadi yule aone kuna mtu anamsikia. Nikacheka peke yangu. Lakini kumvalisha fundi koti jeupe, nalo silipendi. Yeye hakudai kwamba nyimbo zinaponya. Nyimbo zinaita; dawa ni makubaliano na aliyeitwa. Tena hospitali wakikuponya wanakuruhusu uende, kibuki kinakuandikisha. John Janzen, mtafiti aliyefuatilia ngoma za uganga kuanzia Kinshasa na Dar es Salaam hadi Cape Town, aliandika mwaka 1992 juu ya wagonjwa wanaogeuka waganga. Mama mdogo hakufika huko, ila michango alitoa hadi uzeeni, na Baba alinung'unika kila mara.

Kwa hiyo orodha ile ningeianzia wapi? Nikiiandika Miembeni juu ya 1942, namfukuza sheitani ili nimpate mtaalamu. Nikiacha, ukuta unabaki na Daudi.

Niliwahi kumuuliza mama mdogo mwenyewe kama ni muziki uliomfungua mkono.

"Muziki?" alisema. "Redio ilikuwa ikipiga taarabu kutwa humu ndani, mwanangu. Mbona haikunifungua?"