Dakika ya 88 pale San Pedro

Hatua ya makundi ya Kombe la Mataifa ya Afrika, iliyochezwa Ivory Coast mwezi Januari 2024, ilinionyesha kwamba timu ikiwa na mechi tatu tu, namna inavyozicheza dakika za mwisho huamua mengi kuliko ukubwa wa jina lake. Mfano unaotuuma zaidi ni mechi ya Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania, dhidi ya Zambia mjini San Pedro. Stars walikuwa wamefungwa 3-0 na Morocco, kocha Adel Amrouche akafungiwa na CAF, shirikisho la soka Afrika, na timu ikakabidhiwa Hemed Suleiman, ambaye, kwa kichekesho cha mpira, naye huitwa Morocco. Dakika ya 11 Mbwana Samatta alimpenyezea pasi Simon Msuva, akafunga bila papara. Kabla ya mapumziko Roderick Kabwe wa Zambia akaonyeshwa kadi nyekundu.

Ushindi wetu wa kwanza kabisa katika fainali hizi ulikuwa mkononi. Hata hivyo, badala ya kuumiliki mpira na kuwachosha wapinzani waliobaki kumi, Stars walirudi nyuma kidogo kidogo na kuanza kubutua, hivyo kila mpira walioutoa ukawa unawarudia. Dakika ya 88 Clatous Chama wa Zambia, tuliyemzoea akiwa klabu ya Simba, alipiga kona, Patson Daka akaruka na kusawazisha kwa kichwa.

Tulitoka suluhu na DR Congo, tukamaliza mkiani tukiwa na pointi mbili. Congo walitoa sare zote tatu, wakapita kwa pointi tatu na kufika nusu fainali. Bila bao la Daka tungekuwa na pointi nne, juu yao, ingawa nakubali kwamba nao wangetucheza kwa namna nyingine.

Ghana nao waliongoza 2-0 dhidi ya Msumbiji, wakarudishiwa mabao yote mawili katika muda wa nyongeza, wakaaga mashindano. Wenyeji walichapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, wakamtimua kocha, lakini ule ushindi wao mmoja dhidi ya Guinea-Bissau ukatosha kuwapitisha miongoni mwa timu bora zilizoshika nafasi ya tatu kwenye makundi, na hatimaye wakatwaa kombe. Kwa hiyo siafiki lawama kwamba Stars walikosa washambuliaji. Bao walilipata mapema, wakashindwa kulilinda wakiwa wengi uwanjani, na hilo hurekebishwa mazoezini, kuanzia na ulinzi wa kona.