Gari limetoka Japani: vitufe na taa zinazowachanganya wengi

Ile sauti ya kike inayoongea Kijapani kila ukiwasha gari si hitilafu. Ni kifaa cha kulipia barabara za kule, kinadai kadi. Huku hakina kazi. Fundi umeme akichomoa plagi yake, basi.

Redio nayo: FM ya Japani ni 76 hadi 95, yetu ni 87.5 hadi 108, ndiyo maana unapata stesheni chache. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena, ila usikivu hupungua. Ukiwa na hela, badilisha redio nzima.

Cha kuangaliwa kwa makini ni herufi A iliyozungukwa na mshale. Huo ni mfumo unaozima injini ukisimama kwenye foleni. Unataka betri maalumu, zenye maandishi kama M-42 au Q-85. Muuzaji atakupa ya kawaida inayoenea palepale, na balaa huanzia hapo: kuwashwa mara kwa mara kunaimaliza mapema. Ukishaifunga hiyo ya kawaida, bonyeza swichi ya A OFF kila safari, maana ukizima gari mfumo hujirudisha wenyewe.

Taa ya O/D OFF ikiwaka, gia ya juu haiingii. Mteremko wa Kitonga inasaidia breki. Kwenye tambarare ni kuchoma mafuta bure.

Rimoti ikiisha betri, kwenye Toyota nyingi kanyaga breki, igusishe kwenye kitufe cha kuwashia, usikie mlio, ndipo ubonyeze. Ufunguo wa mlango umefichwa ndani ya rimoti hiyohiyo.