Siku moja na wanafunzi wangu wenye mvi

Saa 2:00 asubuhi. Makumbusho hayajafunguliwa, nami ninayeendesha darasa la wazee hapa nahangaika na viti. Mtu wa miaka themanini anahitaji kiti chenye mikono, apate pa kushika anapoinuka. Vile vigoda vya kisasa vilivyonunuliwa kwa ajili ya karakana nimevisukumia pembeni. Kisha napita njia nzima kuanzia mlangoni: nyaya sakafuni, ukingo wa zulia uliojikunja, mwanga unaogonga kioo cha kabati hadi hakuna kinachoonekana ndani.

Saa 3:00. Mwalimu wa ufinyanzi anafika. Analipwa, na hilo sikubali lijadiliwe, maana huyu anakula kwa udongo. Kozi yetu ni ya wiki nane na leo tuko katikati. Kuna makumbusho yanayodhani yamewahudumia wazee kwa kuwapa alasiri moja ya gundi na karatasi za rangi. Huko ni kuwapitishia muda tu. Mtu akifundishwa ujuzi, wiki ijayo ana sababu ya kurudi.

Wakubwa wakidai ushahidi, huwaeleza kuhusu Gene Cohen, daktari wa akili wa Marekani. Utafiti wake ulioanza mwaka 2001 ulifuatilia watu wapatao 300 wenye miaka 65 na kuendelea. Waliofundishwa sanaa kila wiki na wasanii wa kazi walilinganishwa na wenzao wasiokuwa na darasa. Wenye darasa walieleza kwamba wanamwona daktari mara chache zaidi, wanatumia dawa kidogo na hawaanguki mara nyingi. Hapo kikao huwa kimya kidogo, kisha mtu anauliza bei ya udongo.

Saa 4:00. Wanafunzi wamefika. Kabla ya karakana tunakaa mbele ya mtungi mmoja, mmoja tu. Natumia maswali matatu ya Abigail Housen na Philip Yenawine, waliobuni njia ya kutazama sanaa kwa kuulizana: Kuna nini hapa? Unaona nini kinachokufanya useme hivyo? Tunaona nini kingine? Mzee aliyekuwa fundi bomba anasema shingo imebanwa ili maji yasitoke kwa kishindo. Mama aliye jirani yake anabisha: imebanwa ili mkono wa mtoto usiingie. Wanabishana, wanainama, wanachungulia. Maelezo ukutani nimeyaacha bila kuyasoma. Ningeyasoma, mjadala ungekufa palepale.

Saa 5:00. Karakana. Leo wanapandisha kuta: unaviringa udongo uwe kamba, unapanga kamba juu ya kamba, unakwaruza pa kuungia na kupaka uji wa udongo. Wenye baridi yabisi tumewawekea udongo laini zaidi, na vipini vya visu tumevizungushia sponji vinenepe. Mwalimu ana sharti moja: hagusi chombo cha mwanafunzi. Anaonyesha kwenye udongo wake mwenyewe. Kumnyang'anya mtu mzima kazi mkononi ili “umsaidie” ni dharau, hata ukifanya kwa upole.

“Mama, ukuta huu wa chini ni mwembamba, utalala.”

“Uache ulale, mwalimu. Nataka kuona unalalaje.”

Ulilala. Akacheka, akaanza upya na kamba nene.

Saa 7:00. Chakula, harakaharaka.

Saa 8:00. Simu kwa wasiofika. Mara nyingi shida ni usafiri. Mwanafunzi mmoja amekosa kwa sababu mwanawe anayemleta amebadilishiwa zamu. Nimemtafutia mwenzake wa darasani anayepita njia hiyo. Sehemu hii haimo kwenye ripoti yoyote, lakini bila hiyo darasa hupukutika.

Saa 9:00. Kundi la pili: wenye demensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu, pamoja na wanaowatunza. MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, ilianza ziara za namna hii mwaka 2006. Picha ni chache na kila moja tunaikalia muda mrefu. Neno “unakumbuka?” nimelipiga marufuku, kwa kuwa linamgeuza mgeni kuwa mtahiniwa. Nauliza picha ina sauti gani, au huyu mwenye kofia anaelekea wapi. Majibu hayana sahihi wala kosa. Leo mume mmoja alimsikiliza mkewe akieleza bahari kwa muda mrefu, naye hakumsahihisha hata mara moja. Kwa saa hiyo alikuwa mume tu, si muuguzi.

Saa 11:00. Nafunika vyombo kwa nailoni vikauke polepole. Vikikimbizwa tanuri vikiwa na unyevu vitapasuka. Halafu naandika vibandiko vya maonyesho ya mwisho wa kozi: jina la mfinyanzi, udongo, mwaka, kama msanii mwingine yeyote. Umri wao siandiki. Mkuu wa maonyesho angali anataka kazi hizi zikae kwenye korido ya vyoo. Kesho saa 3:00 nina kikao naye, na ramani ya ukumbi mkuu nimeshaichapisha.