Punje za Ufuta Kichwani mwa Binti Yangu

Mdudu wa kwanza nilimwona Jumapili moja ya mwezi Februari, nikiwa nimeketi mkekani nyuma ya nyumba yetu hapa Mtwara mjini, binti yangu wa darasa la tatu akiwa katikati ya magoti yangu, nikimfumua mabutu ya wiki iliyopita ili nimsuke upya kwa ajili ya shule. Alikuwa wa rangi ya kijivu na mkubwa kama punje ya ufuta, na kwa kuwa nimekulia Nachingwea nikipepeta ufuta kila msimu, hicho ndicho nilichodhani nimekiona. Kisha ile punje ikatembea na kujificha nyuma ya sikio lake.

Kuanzia siku hiyo mpaka mwishoni mwa Aprili, chawa wale walitoweka na kurejea mara tatu. Ninaandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye naye ameshatumia fedha, muda na machozi ya mtoto, na bado kila akifumua nywele anawakuta.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuficha. Nilimwingiza binti yangu ndani, nikamwosha kichwa mara mbili kwa sabuni ya mche, na nikamwonya asimwambie mtu yeyote, kwa sababu nimelelewa nikiamini kwamba chawa ni wa mtu asiyeoga. Imani hiyo si ya kweli. Chawa wa kichwani hachagui kati ya nywele safi na chafu. Anachohitaji ni damu, joto la ngozi na unywele wa kushika. Hana mabawa na haruki kama kiroboto, bali hutambaa kutoka kichwa kimoja kwenda kingine pale vichwa vinapogusana, na vichwa vya watoto wetu hugusana siku nzima: watatu kwenye dawati moja, wanne kwenye mkeka wa madrasa wakiinamia juzuu moja, watano wakiizunguka simu ya kaka yao jioni. Maji na sabuni haviwaui, kwani chawa anaweza kuvumilia kuzama majini kwa saa kadhaa akiwa ameung'ang'ania unywele. Wapo pia wanaosema kwamba nywele zetu za kipilipili hazipati chawa. Mimi nimewaona kwa macho yangu.

Wiki hiyo hiyo jirani aliyemwona mtoto akijikuna alinishauri nimpake mafuta ya taa, nimfunge kitambaa, na asubuhi nitawakuta wote wamekufa. Nilimpaka. Usiku wa manane aliamka akilia kwamba kichwa kinawaka moto, na asubuhi ngozi ya kisogoni ilikuwa imechubuka na kutoa majimaji. Ninaandika hili kwa majuto makubwa, kwa sababu mafuta ya taa huunguza ngozi, mvuke wake ni sumu, na sisi wengi tunapikia jiko la mkaa, hivyo mtoto mwenye kichwa kilicholowa mafuta hayo yuko hatua chache tu kutoka kwenye moto. Mzee mwingine, kwa nia njema kabisa, alitaka kunipa kiasi kidogo cha dawa ya kupulizia mikorosho. Hiyo niliikataa, na ninakuomba uikatae hata akikupa mtu unayemheshimu. Katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi dawa za shambani ziko karibu katika kila nyumba yenye mikorosho, nasi tumezizoea kiasi cha kusahau kwamba baadhi yake hupenya kwenye ngozi na kushambulia mishipa ya fahamu, na kwamba kichwa cha mtoto ni kidogo na ngozi yake ni laini.

Vile vidonda ndivyo vilivyonipeleka zahanati, na huko nikakutana na muuguzi aliyenifundisha kwa subira jambo ambalo sikuwa nimelisikia popote. Aliniambia kwamba mdudu ninayemwona si tatizo kubwa. Tatizo ni mayai yake na siku ninazoshindwa kuzihesabu.

Chawa jike anaweza kutaga hadi mayai 8 kwa siku, na kila yai huligandisha kwenye unywele karibu kabisa na ngozi, hasa nyuma ya masikio na kisogoni, kwa gundi ambayo maji hayaiondoi. Yai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10 hivi, na chawa mchanga huhitaji muda kama huo au zaidi kidogo ili naye aanze kutaga. Losheni ya permetrini ya asilimia 1, ambayo hupakwa kwenye nywele zilizooshwa, huachwa kwa dakika 10 na kusuuzwa, huwaua chawa wanaotembea, lakini mayai mengi hunusurika. Mzazi anayepaka mara moja, akaona wadudu wamekufa na kuiweka chupa kabatini, baada ya wiki moja anakuwa na kizazi kipya kichwani mwa mtoto wake na kuilaumu dawa. Ndivyo walivyorejea mara ya kwanza kwangu, maana baada ya vidonda kupona nilipaka mara moja tu. Dawa inatakiwa irudiwe siku ya 9, wakati karibu mayai yote yaliyobaki yameshaanguliwa na wale wachanga hawajafikia umri wa kutaga. Tarehe hiyo iandike kwenye kalenda ukutani siku ile ile unayopaka. Na uhakikishe umepewa ya asilimia 1, kwa sababu ile krimu ya asilimia 5 imetengenezwa kwa ajili ya upele.

Muuguzi aliniuliza pia mtoto alianza kujikuna lini, akanieleza kwamba muwasho hutokana na mwili kuyakataa mate ya chawa, na kwa mtoto ambaye hajawahi kuwa nao unaweza kuchukua wiki 4 hadi 6 kuanza. Nilihesabu kurudi nyuma na kufika Desemba, likizoni kwa bibi yao Newala, ambako binamu sita walilala kitanda kimoja kwa furaha kubwa. Nyumba ya bibi yao ni safi kuliko yangu, ingawa huko juu kwenye uwanda wa Makonde maji ni ya kuhesabu ndoo.

Mara ya pili walirejea kwa sababu ya siri yangu. Binti yangu ana rafiki wa nyumba ya tatu, husukana na kulaliana mapajani kila jioni, na mimi nilimtibu wangu kimya kimya huku nikimwacha yule mwingine akiwa nao. Wakati huo huo shuleni, mwalimu mmoja aliwapanga watoto mstari, akawakagua vichwa mbele ya wenzao na kuwarudisha nyumbani waliokutwa na chawa, na wangu alikataa kwenda shule kwa siku tatu. Chawa wa kichwani hawaenezi magonjwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kumnyima mtoto masomo, achilia mbali kumdhalilisha. Hata hivyo, nilipotulia niliona kwamba nami nilikuwa nimemfundisha aibu ile ile nilipomfunga mdomo ile Jumapili ya kwanza.

Nilikwenda kwa mama wa yule rafiki nikamwambia ukweli. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwenzangu, hata mimi nimekuwa nikiwatoa mwezi mzima, naogopa kukuambia." Jumamosi iliyofuata tulikutana kina mama watatu na watoto saba kwenye uwanja wangu, tukawakagua wote na kuwapaka dawa waliokutwa nao siku hiyo hiyo, na siku ya 9 tukakutana tena. Watoto wa kiume tuliwapeleka kwa kinyozi, maana pasipo na nywele chawa hana pa kutagia. Binti yangu nilimwachia uamuzi mwenyewe, akaomba abaki na nywele zake, nami nikakubali kazi ya kuzichana.

Kazi hiyo inahitaji saa nzima na mwanga wa jua. Nilizilowesha nywele, nikazipaka mafuta ya nazi kwa wingi ili kitana kipite, nikazigawa mafungu madogo madogo, kisha nikapitisha kitana chenye meno yaliyobanana kuanzia kwenye ngozi mpaka nchani, nikikipangusa kwenye kitambaa cheupe kila mara ili nione kilichotoka. Kwenye nywele za kujikunja lazima uende taratibu, fungu likiwa dogo kadiri iwezekanavyo, la sivyo mtoto ataumia na hatakubali tena. Tulirudia kila baada ya siku nne kwa wiki mbili. Mashuka, foronya na mitandio nilifua kwa maji ya moto sana na kuanika juani. Magodoro sikuyagusa, kwa sababu chawa aliyeanguka kutoka kichwani hufa ndani ya siku moja au mbili.

Mara ya tatu, mwishoni mwa Aprili, kwa kweli hawakuwa wamerejea. Niliona vidoa vyeupe kwenye nywele, vilivyokataa kutoka nilipovipuliza kama inavyotoka mba, nikapaka dawa tena kwa hofu. Yalikuwa maganda matupu. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo yai lililo mbali na ngozi kwa umbali huo kwa kawaida limeshaanguliwa au limekufa zamani. Kinachopaswa kukurudisha kwenye dawa ni chawa hai anayetembea. Ukiwakuta hai hata baada ya kupaka mara mbili kwa tarehe sahihi, au ukiona usaha, homa au tezi zilizovimba shingoni, mpeleke mtoto kwa daktari. Madaktari wanayo dawa ya kumeza, ivamektini, ambayo sisi wa mikoa hii tunaifahamu kutokana na kingatiba ya matende na mabusha, lakini haifai kwa mtoto mwenye uzito chini ya kilo 15, wala si ya mzazi kukadiria mwenyewe.

Likizo ya Juni watoto wanakwenda tena Newala. Nimeshazungumza na mjomba wao kwa simu bila kumficha chochote, na kitana cha pili nimekituma kwa basi la jana pamoja na chupa ya mafuta ya nazi, ili binamu zao wakaguliwe kabla wangu hawajafika.